Siku ya Kugeuziwa Migongo

"Huyu Muuguzi ni nani?"

Seremala alikuwa anaoga, sabuni kichwa kizima, hata macho hawezi kufumbua. Mkewe alikuwa mlangoni mwa bafu, simu ya mume mkononi.

"Nakusomea. 'Kesho saa kumi, chumba kile kile. Njoo peke yako, mkeo asijue.'"

"Mke wangu, sivyo unavyodhani."

"Nadhani nini? Hebu niambie."

Seremala akanyamaza. Sasa mwanamume akinyamaza pale pa kujitetea, mke afanyeje? Wivu ukampanda mpaka utosini. Miezi mitatu mtu anarudi jioni anatabasamu peke yake, kumbe ana chumba!

Mke huyu, fundi cherehani, hakuwa mtu wa kulia. Asubuhi alikwenda kwa mzee wa kanisa, maana Fundi mwenyewe ndiye aliyeshona majoho ya kwaya, na mzee alikuwa na daftari la simu za waumini wote. Alimwomba amtafutie mwenye namba ile na chumba chake kilipo, akamtajia na saa ya miadi. Mzee aliisoma namba mara mbili, akamwambia amefanya jambo la maana, aende nyumbani apumzike.

Jioni Seremala alirudi shati limechanika, mdomo umevimba, anachechemea.

"Nani kakupiga? Mumewe?"

"Mume wa nani? Vijana wa kanisa."

Ndipo akasema yote. Chumba kile kilikuwa sebule ya Muuguzi. Watu kumi na mmoja walikutana humo kusoma maandiko wenyewe na kusali bila mchungaji. Ndio wale waliojitenga, waliotukanwa kwenye mahubiri mwaka mzima. Wengine walishafukuzwa kazi, na mama yake Muuguzi alinyimwa kaburi kwenye makaburi ya kanisa. Leo vijana walivunja mlango, wakachoma vitabu uani.

"Mbona hukuniambia?"

"Unawashonea majoho. Nilitaka ukiulizwa, uape hujui."

Mkewe akaanza kumvua lile shati.

"Ni mzuri?"

"Nani?"

"Muuguzi."

"Mke wangu, nimepigwa mateke."

"Nimeuliza swali dogo tu."

Seremala alicheka, mdomo ukamuuma. Kisha kicheko kikamwisha.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Kuna mtu katuuza."

Fundi alikwenda jikoni kumchemshia maji ya kukanda, akakawia huko. Maji yalichemka yakapungua nusu.

Jumapili majina yakasomwa. Katika kanisa lile, anayefukuzwa huitwa, husimama, na waumini wote humgeuzia mgongo mpaka atoke. Mkewe hutakiwa kugeuka wa kwanza. Asipogeuka, naye kafukuzwa. Mzee alishampitia Fundi kabla ya ibada: ageuke, kazi ya majoho itabaki yake, na habari ya ile namba hakuna atakayeijua.

Muuguzi aliitwa kwanza. Mrefu, shingo ndefu, mzuri kweli, laana! Kisha Seremala. Benchi zikalia, watu mia tatu wakageuka. Fundi naye alianza kugeuka, Mungu amsamehe. Kwa pembe ya jicho akamwona mumewe akichechemea, na Muuguzi akimshika kiwiko asianguke.

"Geuka, mama," mzee alinong'ona.

Wapi! Fundi alishuka katikati ya kanisa, akautoa mkono wa Muuguzi taratibu, akaweka wake.

Nje, Seremala alikuwa na machozi.

"Kwa hiyo na wewe umeamini?"

"Sijaamini kitu. Sikutaka akushike yeye. Na ile namba niliipeleka mimi kwa mzee. Nilijua ni hawara yako."

Seremala akauchomoa mkono wake. Muuguzi akaangalia chini. Mle ndani wimbo ukaanza.

"Nina hasira na wewe," Seremala alisema.

"Najua."

"Nitakaa nayo siku nyingi."

"Kaa nayo nyumbani."

Seremala hakuondoka. Fundi akamgeukia Muuguzi, akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu.

"Kesho saa kumi mnakutana wapi?"

"Hatuna pahali tena, dada."

"Njooni kwangu," Fundi akasema. "Huko nitakuona vizuri."