Nilitoa Mashine ya Sahani Nikachukua ya Mabatani, Mwanaidi Akaenda Nayo

Mie ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, naishi Gongo la Mboto, chumba kimoja, sina mke, sina paka. Shule niliishia njiani. Siyo kwamba sikuipenda, yenyewe ndo haikunipenda... Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye shughuli za akina mama. Jina langu Hamisi, lakini ukimuulizia Hamisi huku kwetu hutampata mpaka kiama. Uliza DJ Kachumbari, hata mbuzi watakuelekeza.

Nawasimulia haya nikiwa sina machozi. Yalikauka? Hayakuja kabisa? Sijui. Nasimulia tu.

Nilikuwaga na mashine ya sahani mbili, zile mnazoziona kwenye harusi, DJ anazungusha kwa mkono, wimbo unaenda anavyotaka yeye. Yangu ilikuwa kuukuu. Sahani ya kulia ukiigusa inalia kama mlango wa choo! Lakini wimbo ukikimbia naushika, ukisinzia nausukuma. Mkono wangu ulikuwa unaijua ile mashine kuliko unavyojua mdomo wangu uko wapi.

Na nilikuwaga na Mwanaidi, wa Temeke. Alikuwa anasuka nywele barazani kwao. Akicheka pale Temeke, Mbagala watu wanatoka nje kuuliza kuna nini!

Kalelewa na shangazi yake, Bi Shamsa. Huyu mama ndo kiongozi wa kikundi cha shughuli na ndo mpiga ngoma wao. Akiipiga ngoma, marehemu wanageuka upande wa pili kusikiliza vizuri. Alikuwa hanitaki sana, na hakunificha.

"Hamisi, mie mwanangu simpi mtu wa makelele," aliniambia. "Kuna mwali wetu tunamtoa mwezi ujao. Mtoe vizuri, halafu niletee washenga wako nitawapokea. Ukiniharibia shughuli, baba, usijisumbue."

Wasomaji, kumtoa mwali mnakujua. Binti kafunikwa kanga gubigubi, haoni anapokwenda, somo yake, yule mama aliyemfunda, kamshika mkono, wanakuja taratibu wakifuata mdundo. Bi Shamsa anapiga ngoma yake ya mkono, mie naweka wimbo juu ya ngoma. Hivyo viwili vikiachana, miguu inapotea. Kazi hiyo nilishaifanya mpaka naweza kuifanya nimelala. Kwa hiyo nilijiona nimeshaoa!

Hapo ndipo akaingia Sudi.

Sudi ni rafiki yangu wa kula sinia moja tangu tukiwa tunakimbia bila nguo. Ndo alikuwa ananibebea spika na kunishikia laptop. Mashine yake mwenyewe hakuwa nayo. Siku moja akaja na kiboksi cheusi, kimejaa mabatani ya mpira yanayowaka taa, nyekundu, kijani, bluu, utadhani duka la simu. Alisema kapewa na binamu yake wa Tegeta. MIDI kontrola, ndo jina lake, na Sudi alivyolitamka ungedhani anasoma dua.

"Oya Kachumbari," akaniambia, "mpaka leo unazungusha sahani? We DJ au unasaga mahindi?"

Nikacheka. Akaendelea kunipiga maneno. Wenzako huko duniani wanabonyeza tu. Laptop inapanga midundo yenyewe, wewe kazi yako kuwachekea wageni na kula pilau...

Sikurukia, nisisingiziwe. Kile kiboksi chenyewe hakina wimbo hata mmoja, kinaiamrisha laptop tu: anza, simama, rudia. Nikajiuliza, kinanifaa au nakitamani taa? Nikaenda Kariakoo kwa Mzee Mohsin, muuza vyombo vya muziki wa siku nyingi. Nikampa shikamoo, nikamuuliza.

"Wewe unatengeneza nyimbo au unapiga za watu?" akaniuliza.

Nikamwambia napiga za watu, tena kwenye shughuli.

"Basi hii ikae pembeni ya ile yako. Isikae peke yake. Na kabla hujaamua, ijaribu kwenye kazi yenyewe unayoifanya."

Nikatoka pale nikisema moyoni, huyu mzee anataka aniuzie kitu kikubwa. Akili yangu hiyo, nyie!

Nikakijaribu chumbani. Singeli juu ya singeli, ikashikana kama mapacha. Bongo fleva nikabonyeza kiitikio kijirudie, kikajirudia mpaka jirani akahama upande wa kitanda. Nikaona nimefika Ulaya kwa miguu! Kila nikikutana na Mwanaidi, naongea mabatani. Yeye anasuka, mie mabatani. Alikuwa anainamia kichwa cha mteja, anaendelea kusuka. Mie nikadhani ananishangaa.

Sudi akaniambia tubadilishane tu, ndugu na ndugu. Nimpe ya sahani akajifunzie, nichukue ya kisasa. Nikampa. Nilimfutia na vumbi kabisa.

Siku ya shughuli ikafika. Alasiri, turubai limefunga njia, akina mama wamevaa sare za njano, wamejaa mpaka nyumba ya tatu. Nimevaa miwani myeusi. Mwanaidi yuko na mashoga zake upande wa madumu ya maji ya kunywa. Sudi namwona nyuma kabisa, ana begi mgongoni. Nikampungia mkono, nikijua kaja kuniona nikitukuka.

Bi Shamsa akaanza kupiga ngoma. Nikabonyeza.

Mwanzoni vikaenda pamoja. Mwali akatokea mlangoni, vigelegele vikapasua anga. Halafu Bi Shamsa akapunguza mwendo kidogo, maana mwali alikuwa anashuka ngazi. Ndo anavyofanyaga siku zote! Zamani hapo mkono wangu unaiminya sahani kidogo, wimbo unamfuata. Sasa naminya wapi? Mabatani yangu yanajua kuanza, kusimama na kurudia. Laptop inajua kulinganisha wimbo na wimbo mwenzie. Laptop haimsikii Bi Shamsa!

Wimbo ukatangulia, ngoma ikabaki nyuma. Nikabonyeza hiki, kiitikio kikajirudia. Nikabonyeza kile, kimya... halafu ukaanza upya kwa nguvu. Somo kapiga hatua ya wimbo, mwali kapiga hatua ya ngoma. Kanga ikakanyagwa. Mwali akaenda chini, magoti mawili, puu!

Mwali kuanguka siku ya kutolewa! Mnajua akina mama walivyolipokea? Mmoja aliguna tu. Mwingine akapaza sauti, "We baba, hii shughuli au gwaride?" Mwingine akamjibu, "Mwache, anatafuta stesheni ya redio!" Wakacheka. Mama wa mwali yeye hakucheka, alikimbilia kumpangusa mwanawe magoti.

Bi Shamsa hakunitukana. Aliweka ngoma chini, akatazama kule nyuma.

"Sudi mwanangu, njoo. Tia ile tuliyofanyia mazoezi."

Tuliyofanyia mazoezi... Wasomaji, nilisikia vizuri, sikuhitaji kurudiwa. Sudi akafungua begi, akatoa mashine yangu ya sahani, akaiweka mezani, akanisogeza na kiwiko kama anasogeza sufuria. Ilipolia kama mlango wa choo nikajua ndo yenyewe. Mwali akainuliwa, akafungwa kanga upya, akatolewa. Alitoka vizuri, siwezi kudanganya.

Nilifanya nini? Nilizikunja waya zangu. Ndo nilichofanya. Nilizikunja vizuri sana.

Siku zilizofuata sikusikia kitu. Njaa sikuisikia. Mbu wa Gongo la Mboto, ambao wanabeba watoto, waliniuma wakashiba wakaniaga, sikuwasikia. Mjomba akaenda Temeke kama mshenga wangu hivyo hivyo, nilishindwa hata kumkataza. Alipewa chai na mandazi, akaambiwa wenzenu wameshatangulia. Mshenga wa Sudi alikwenda kesho yake tu baada ya shughuli! Mjomba alirudi akasema mandazi yalikuwa laini.

Mwanaidi alinipigia simu. Nilidhani analia. Wapi! Sauti yake ilikuwa kavu kama anaagiza mkaa.

"Hamisi, shangazi kashapokea posa. Na mie nimekubali, usiseme nimelazimishwa."

Nikamuuliza kwa nini.

"Sudi alikuwa anakuja hapa anakaa barazani, ananiuliza siku yangu imekwendaje. Wewe mara ya mwisho kuniuliza lini?"

Nikatafuta. Sikuipata. Nikamwambia haya, kila la heri. Akakata. Nikaenda kununua chumvi, ilikuwa imeisha.

Wakaoana. Basi nikajua angalau mwenzangu kaninyang'anya kazi kwa sababu anaipenda kazi. Hata hilo lilikuwa linanipa nafuu, mwizi wa kuku angalau ana hamu ya kuku! Kumbe...

Baada ya harusi, mchana, Sudi akabisha hodi kwangu. Kanenepa, kavaa kanzu nyeupe. Kaleta mashine yangu, kaifunga kwenye kanga.

"Braza, nimekurudishia. Shangazi kanipa duka lake la vitambaa nisimamie. Muziki basi tena, kwanza mie masikio yanaumaga."

Masikio yanamuuma! Hakuitaka hata kidogo. Aliihitaji kwa alasiri moja.

Ningempiga? Ningemtupia matusi ya Temeke nzima? Nilijiandaa, nikasubiri hasira ije. Haikuja. Nikapokea mashine, nikasema asante. Mie huyu! Nikamkaribisha chai, akasema mke wake anamsubiri, akaondoka.

Sasa mashine zote mbili ziko mezani. Nazitumia pamoja, kama alivyosema Mzee Mohsin. Ya sahani inafuata ngoma, ya mabatani inarudia kiitikio wakati akina mama wanamtunza mwali pesa, maana foleni ya kutunza inaweza kufika Pugu. Kumbe kile kiboksi ni kizuri. Nasema kweli, ni kizuri sana! Kazi naipata, ila siyo Temeke.

Wadogo zangu mnaotaka kununua ya mabatani, nunueni. Kama mnatengeneza midundo chumbani, nunueni leo. Kama mnapiga shughuli zenye ngoma ya mtu, ijaribuni mbele ya huyo mtu na ngoma yake, siyo chumbani na nyimbo zinazowatii. Nawaomba msitoe ya zamani kabla ya hapo. Rafiki akikusihi utupe kitu chako, muulize kitaangukia mikononi mwa nani.

Na mwenye mchumba, funga hii simu sasa hivi. Nenda kamuulize siku yake imekwendaje. Akijibu, kaa usikilize mpaka amalize.