Ubao wa Biashara, Waranti ya Nyumbani

Kila asubuhi Samaki na mkewe walitoa mbao zao tatu bandani na kuzipanga mchangani. Samaki lilikuwa jina la utani. Alipewa kwa sababu ya kuogelea kwake, likamganda. Mkewe peke yake ndiye aliyetumia jina lake halisi, tena akiwa amekasirika.

Mbao zao hazikuwa za kujengea nyumba. Zilikuwa mbao za kutelezea majini, zenye betri na mota ndani. Mtu husimama juu, hubonyeza kitufe, na ubao humkimbiza juu ya maji. Wateja walikodi kwa saa. Mke aliwafunga jaketi za kuelea. Samaki aliwafundisha kusimama, na wengi walianguka kabla hajamaliza kufundisha.

Mama mkwe wa Samaki, mwalimu mstaafu, ndiye aliyewanunulia ubao wa tatu. Pale dukani muuzaji alimpa fomu ya waranti. Waranti ni ahadi ya kiwanda. Kifaa kikiharibika kwa kosa la kiwanda ndani ya muda fulani, kiwanda kitakitengeneza au kukibadilisha.

Samaki ndiye aliyejaza fomu. Iliuliza: matumizi ni ya nyumbani au ya biashara? Ya nyumbani, waranti ni miaka miwili. Ya biashara, miezi sita. Samaki alifikiri kidogo, kisha akaweka alama kwenye "nyumbani".

"Mama, tia sahihi hapa chini."

"Umeisoma yote?"

"Nimeisoma, mama. Ni mambo ya kawaida tu."

Mama akatia sahihi. Alimwamini mkwe wake.

Mwezi wa tano baada ya kununuliwa, ubao ule ulizimika ghafla mbali na ufukwe, mteja akiwa juu yake. Samaki alijitosa, akaogelea mpaka alipo, akamvuta hadi nchi kavu. Mteja hakuumia, lakini alikuwa akitetemeka.

"Na kama usingeniona?" aliuliza. Samaki akamfungua jaketi.

Kesho yake alimpitia mama mkwe, maana risiti ilikuwa na jina lake. Wakaenda kwenye karakana ya duka. Fundi alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mama," fundi alimwamkia mama mkwe.

"Marahaba, mwanangu."

"Karibuni. Ubao huu unatumika wapi?"

Samaki alidakia haraka. "Nyumbani tu. Tunachezea Jumapili, mimi na familia."

Mama mkwe aligeuka akamtazama.

Fundi aliunganisha ubao na kompyuta, akasoma kimya. Watu wawili walikuwa wakisubiri nyuma yao. Kisha akawageuzia kioo cha kompyuta.

"Kaka, betri hii inajiandikia kumbukumbu. Imefanya kazi zaidi ya saa mia tatu kwa miezi mitano. Jumanne iliyopita imewashwa mara tisa. Hiyo familia yako haichoki?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Samaki aliona masikio yake yanawaka moto.

Fundi akasogeza ile fomu, nakala iliyobaki dukani, kwa upole. "Mama, sahihi hii ni yako?"

Mama alivaa miwani yake. Safari hii aliisoma fomu yote, mstari kwa mstari, bila haraka. Alipofika kwenye ile alama, alisimama.

"Sahihi ni yangu," alisema. "Lakini kilichoandikwa si kweli. Ubao huu unakodishwa tangu siku ya kwanza. Nilitia sahihi bila kusoma. Nisamehe, mwanangu."

Samaki alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama mkwe wake, aliyemfuata kwa nia njema, alikuwa akiomba radhi mbele za watu kwa uongo ambao si wake.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Mama hakujua. Nilijaza mimi."

Mama alitoka nje, akaketi kwenye benchi.

Fundi hakumkaripia Samaki. Hilo lilimuuma zaidi.

"Kaka, nikueleze, maana wengi mnakosea hapa," alisema. "Ubao wa nyumbani unatumika mara moja kwa wiki. Wako unafanya kazi kutwa, na watu wasioujua. Unachoka mapema. Ndiyo maana kiwanda hiki kinatoa muda mfupi kwa biashara. Vingine havitoi waranti kabisa kwa vifaa vya kukodisha."

"Kwa hiyo hamtanisaidia?"

"Ulitoa habari za uongo, kwa hiyo waranti imekufa. Kilichoharibika ni betri; itabidi ununue nyingine mwenyewe. Na linaloniuma ni hili: ungeandika biashara, miezi sita ilikuwa bado haijaisha. Ningepima, na kama kosa ni la kiwanda, ungepewa mpya."

Samaki aliinamisha kichwa.

"Nifanyeje sasa?"

"Betri mpya tuiandikishe kwa biashara. Kabla hujanunua kifaa chochote cha kukodisha, sema wazi ni cha kukodisha, na jibu lao ulipate kwa maandishi. Ujue pia mipaka. Waranti hailipii ubao uliogonga jiwe. Hailipii kifaa kilichofunguliwa na fundi asiyeruhusiwa. Unachaji betri vipi?"

"Ikitoka tu majini, naichomeka."

"Ikiwa bado ya moto? Usifanye hivyo. Iache ipoe kwanza. Ubao uusuuze kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni. Andika kwenye daftari saa ulizotumia na siku uliyochaji. Ukiona dalili ya ubovu, acha kuutumia, ulete. Na mteja akiumia, hilo si la waranti. Hiyo ni kazi ya bima. Unayo?"

"Sina."

"Itafute kabla hujarudisha watu majini."

Njia nzima mama mkwe alitembea mbele. Afadhali angegomba. Walipofika mlangoni kwake, alisimama.

"Miaka thelathini nimewaambia watoto wasome kwanza," alisema. "Leo nimesomeshwa mimi, mbele za watu." Akaingia ndani.

Samaki alimweleza mkewe kila kitu. Mkewe alimwita kwa jina lake halisi. Jumapili Samaki alikwenda peke yake kumwomba mama msamaha. Mama alimpa kiti, akamsikiliza, akasema, "Nimekusikia." Tangu siku hiyo hakuja tena kuwatembelea. Kila Samaki alipopita karibu na nyumba ya mama, alitazama chini.

Lakini kazi aliibadilisha. Alikata bima. Alinunua daftari lenye jalada gumu, mkewe akawa mwandishi. Betri zilipoa kivulini kabla ya kuchajiwa. Wateja wakiwa na haraka, mke aliwajibu, "Hata wewe ukitoka kukimbia huli papo hapo."

Mwezi wa nne tangu inunuliwe, betri mpya ikakataa kujaa. Samaki hakuurudisha ubao majini hata mara moja. Aliupeleka karakana, pamoja na daftari na fomu.

Fundi alilinganisha daftari na kompyuta. Vilisema kitu kimoja. Akapima betri. "Kuna waya umeungwa vibaya tangu kiwandani," alisema. "Utapewa nyingine. Hulipi chochote."

Jioni mkewe alifurahi, kisha akamsukumia simu. "Mwambie mama mwenyewe."

Samaki alipiga. Alimweleza polepole, tangu mwanzo.

"Uliwaambia ni ya kukodisha?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama. Kabla hawajaniuliza."

"Jumamosi nitakuja kuwaona," mama alisema. "Mwambie mwanangu asipike kingi."