Ogopa Ukiwa Umembeba

Watu walikuwa wamejaa chini ya jengo lile la ofisi, kila mmoja akitazama saa yake na kumlaani fundi wa lifti kimoyomoyo. Fundi mwenyewe alikuwa ndani ya lifti, ovaroli la kijivu limemganda mgongoni kwa jasho, akiipandisha na kuishusha kuhakikisha imepona. Alikuwa pande la mtu, kifua kipana, shingo nene. Wenzake walimwita Jabali. Mlango ulipofunguka, umati ulisogea mbele kwa pamoja, halafu kwa pamoja ukarudi nyuma. Katikati yao alipita mwanamke mwenye mbwa watatu.

Alivaa jinzi, mabuti ya mpira ya njano na shati jeupe lililojaa manyoya. Kitambaa chekundu alikifunga kichwani upande upande, kama mtu asiye na haja ya kupendeza, na bado akapendeza. Aliingia. Mbwa wakaingia. Hakuna mwingine aliyethubutu, na mlango ukajifunga.

"Kliniki ya wanyama, ghorofa ya juu kabisa," alisema. "Samahani, kaka."

Mbwa mmoja, wa aina ile ambayo watu huiita mbwa wa polisi, alikuwa ananusa goti la Jabali. Jabali alitaka kupiga kelele, sauti ikakwama. Alitaka kukimbia, lakini mtu atakimbilia wapi ndani ya lifti? Mikono ilimning'inia, macho yakaganda kwenye vitufe vya ukutani, na moyo ulimwenda mbio hata akahofu mbwa wangeusikia.

"Jamani!" yule mwanamke akasema. "Leo nimekutana na mtu anayejua mbwa."

"Nani? Mimi?"

"Wewe. Wengine huruka, hupiga mayowe, humkodolea mnyama macho. Wewe umetulia tuli, mikono chini, macho pembeni. Hivyo ndivyo mbwa mgeni anavyopokewa. Nani kakufundisha?"

Hapo ndipo Jabali angesema kweli yakaisha. Lakini alimtazama usoni, akaona tabasamu lile, na ulimi hauna mfupa.

"Nimekulia na mbwa," akasema.

Haukuwa uongo mtupu. Utotoni mbwa wa jirani alimng'ata shavu la mguu, na lile kovu limekua pamoja naye.

Basi, wakapeana namba za simu. Mwanamke alikuwa na uwanja wa kulea mbwa: wenye mbwa wakisafiri humwachia yeye, awalishe, awaogeshe, awatembeze. Wateja walimwita Mlezi, na Jabali naye akamwita hivyo, kwanza kwa heshima, baadaye kwa sauti ya chini ambayo hata yeye hakujua kwamba anayo.

Simu zao zilikuwa ndefu.

"Umekula, Jabali wangu?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi bado, namchana yule mbwa pudo. Manyoya yake hayaachi kukua, ukimsahau yanafungamana mpaka ngozi inavutika. Na nimetoka kugombana na mwenye haski, yule mbwa wa nchi za baridi. Eti anataka kumnyoa kwa sababu ya joto! Manyoya yale ni ya tabaka mbili, ndiyo yanayomkinga na jua pia. Unajua wewe."

"Najua," Jabali alijibu, asijue lolote.

"Na huyu wa polisi akikosa kazi anatafuna milango. Kila asubuhi nampa gongo la mti alibebe uwanja mzima, basi anajiona askari kazini. Lakini msumbufu kuliko wote ni chiwawa. Anaenea kwenye mkoba, na roho yake ya tembo."

"Kama dada yangu," Jabali akasema, na Mlezi akacheka mpaka mbwa wakabweka.

Jabali alipenda kicheko kile kuliko alivyowahi kupenda kitu. Na kadiri alivyokipenda ndivyo alivyoogopa. Kila Mlezi aliposema "njoo uwanjani," alikuwa na lifti iliyokwama mahali. Siku mbili tatu aliposhindwa kukwepa, alisimama katikati ya uwanja, amekauka kama nguzo, jasho likimtiririka kwapani, huku Mlezi akiwaambia wateja wake, "Mwoneni mwenzenu, mbwa wanamheshimu!" Usiku aliota ndoto za meno.

Dada yake, mshonaji mwembamba mwenye mdomo mpana, ndiye pekee aliyeijua siri.

"Mwambie," dada alisema, sindano ikiwa mdomoni. "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ni aibu gani hapo?"

"Dada, yeye ananipenda kwa sababu hiyo. Nikimwambia naogopa, atabaki na nini cha kupenda?"

"Mficha maradhi kilio humuumbua, mdogo wangu."

"Sasa unanitisha na wewe."

"Wewe tayari umetishika, mimi naongezea chumvi tu."

Kilio kilikuja siku uwanja ulipopigwa dawa ya kupe. Dawa ile ni kali, mbwa hawaruhusiwi kuwepo mpaka ikauke, kwa hiyo Mlezi huwagawa kwa watu anaowaamini. Alimletea Jabali nyumbani kwake ghorofani bulldogi mnene, miguu mifupi, mashavu yananing'inia, uso bapa kana kwamba aligonga ukuta. Wote walimwita Bwana Meneja kwa sababu alikoroma hata akiwa macho, kama bosi kwenye mkutano.

"Huyu si wa mchezo, laazizi," Mlezi alisema mlangoni, mkono wake shavuni mwa Jabali. "Pua fupi, pumzi ndogo. Joto ndilo adui yake. Dirisha wazi, feni, maji karibu. Mikunjo ya uso ikilowa mpanguse. Jioni namfuata. Sawa?"

"Sawa," Jabali akasema. Hakuwa amesikia neno hata moja. Alikuwa anasikia mkoromo wa mbwa tu.

Mlango ulipofungwa walibaki wawili. Bwana Meneja alimtazama. Khrrr, akafanya. Khrrr. Akasogea. Mtu yeyote aliyewahi kuishi na bulldogi angejua kwamba huko ndiko kupumua kwake. Jabali alisikia ngurumo. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa jokofu, na mbwa akamfuata kwa furaha akizidi kunguruma. Jabali alichukua biskuti, akairusha kwenye kibaraza cha vioo alikoanikia nguo za kazi. Mbwa akaifuata. Jabali akaruka, akafunga mlango, akasukumia na meza.

Jua la mchana lilikuwa linapiga vile vioo moja kwa moja.

Kule ndani ngurumo ziliongezeka. Zikawa za haraka, za kukwaruza, na kucha zikaparura mlango. "Amekasirika," Jabali alijiambia. "Nikifungua ananirarua." Aliwasha redio, akapandisha sauti. Alikaa juu ya meza ileile aliyozibia mlango, pande la mtu, amekunja magoti kama mtoto.

Halafu kukawa kimya. Jabali alizima redio, akasikiliza. Kimya kabisa. Alimshukuru Mungu kwa sauti.

Simu ikalia.

"Kipenzi, Bwana Meneja anaendeleaje?"

"Safi kabisa. Ametulia."

"Hebu weka simu karibu nimsikie anavyokoroma. Nimemkumbuka."

"Hakoromi. Yuko kimya, hasikiki hata kidogo."

Jabali alisikia pumzi ya Mlezi ikikatika.

"Huyo mbwa hajawahi kutosikika tangu azaliwe," Mlezi alisema polepole. "Yuko wapi?"

"Kibarazani."

"Kibaraza gani? Kile cha vioo? Jabali! Fungua! Fungua sasa hivi!"

Alisukuma meza, akafungua. Hewa iliyotoka mle ndani ilikuwa ya tanuri. Bwana Meneja alilala ubavu chini ya nguo zilizoanikwa, ulimi nje, umegeuka zambarau, mate mazito mdomoni. Ubavu ulipanda kidogo, ukakaa muda mrefu, ukashuka.

"Amelala chini," Jabali alisema. "Ulimi una rangi mbaya. Mlezi, nimemuua."

"Hujamuua bado. Weka simu kwenye spika. Mpeleke bafuni, ummwagie maji ya bomba, si ya barafu. Tumboni, makwapani, chini ya nyayo. Mbebe!"

Jabali aliinama. Mikono yake ilifika nusu ikagoma. Yale meno yalikuwa pale, nje, meupe, karibu na mkono wake.

"Umembeba?"

"Siwezi."

"Ni mzito? Mburute basi!"

"Si uzito. Siwezi kumshika. Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa mbwa!" Jabali akapiga kelele, na machozi yakamtoka. "Naogopa mbwa tangu utotoni! Wale wakubwa, wale wadogo, chiwawa pia! Siku ile kwenye lifti sikutulia, niliganda! Nimekudanganya, Mlezi, nimekudanganya kila siku!"

Kisha sauti ya Mlezi ikaja, kavu, haina kipenzi wala laazizi.

"Sikukwambia uache kuogopa. Ogopa ukiwa umembeba."

Akambeba. Alipiga yowe alipomgusa, akapiga jingine kichwa kile kizito kilipoangukia begani mwake, lakini alimbeba. Alimmwagia maji tumboni, makwapani, nyayo zikiwa viganjani mwake, huku Mlezi akiamuru na yeye akilia, "Usife, Bwana Meneja, tafadhali usife, uniume ukitaka." Alimfunga kwa taulo bichi, akashuka naye ngazi mbiombio mpaka barabarani, akasimamisha teksi, akampepea kwa kofia yake njia nzima. Katikati ya safari kitu kikasikika kifuani pake. Khrrr. Jabali alitetemeka mwili mzima, na akambana zaidi.

Mlezi aliwakuta kliniki. Mbwa alikuwa juu ya meza, sindano ya maji mguuni, ulimi unarudia wekundu. Daktari alisema ataishi. Mlezi aliweka shavu lake juu ya ule uso bapa. Jabali alisimama kwenye kona, nguo zimelowa.

"Mlezi..."

"Nenda nyumbani."

"Nisikilize kidogo tu."

"Ungeniambia mlangoni unaogopa, ningempeleka kwingine na ningekupenda vilevile. Umeniacha niweke roho ya mnyama wa watu mikononi mwa mtu nisiyemjua." Hakugeuka. "Nenda, kaka."

Lile "kaka" lilimkata kuliko meno yoyote. Alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Njia ya mwongo ni fupi, na Jabali alikuwa amefika mwisho wake. Kazini alisahau bisibisi juu ya lifti, mpaka msimamizi akamwambia akapumzike. Dada yake alimvumilia kwa siku kadhaa, kisha akamtupia shati safi kifuani.

"Kalilie getini kwake. Hapa unanilowanishia vitambaa."

"Nikifika atanifungulia mbwa."

"Basi ukaumwe, tujue moja!"

Alikwenda mchana kweupe, shati la bluu limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Uwanja mzima ulimbwekea kabla hajabisha. Mbwa wa polisi alirukia geti, vyuma vikatetemeka, na Jabali akaruka hatua tatu nyuma mbele ya wapita njia. Mlezi alitokeza nyuma ya nondo, kitambaa kichwani, brashi mkononi, macho yamevimba.

"Umefuata nini?"

"Bwana Meneja hajambo?"

"Anakula kama zamani. Umemfuata yeye?"

"Nimekufuata wewe. Yeye namwogopa. Sikuja na uongo leo. Naogopa huyo anayeruka, naogopa yule mweupe pale nyuma, naogopa kwamba utafunga mlango. Na siwezi kukuahidi kwamba nitawapenda. Sijui kama nitaweza."

Mlezi alishika nondo za geti.

"Unajua kwa nini nilikasirika hivyo? Kulikuwa na mwanamume kabla yako. Naye alisema anapenda mbwa. Alipoona ameshanipata, akaniambia nichague, yeye au wao. Mimi nikiwa na mbwa sijui woga, Jabali. Nakuogopa wewe. Siku moja utachoka kuishi na hofu, utaniambia nichague. Nami nitachagua hawa, maana hawana mwingine, kisha nitakulilia mpaka nizeeke."

Jabali alimwangalia mwanamke huyu ambaye mbwa wakubwa walimlalia miguuni, akaona mikono yake inatikisika kwenye vyuma. Hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anayeweza kumwogopa yeye. Alisogea mbele. Mbwa wa polisi akabweka usoni pake, na Jabali akafumba macho, lakini mikono yake ikaendelea mpaka ikaifunika ya Mlezi juu ya nondo.

"Sitakwambia uchague," alisema, macho bado amefumba. "Nataka kukuoa. Nyumba ikiwa na milango miwili, mmoja wangu na mmoja wa mbwa, sawa. Ikiwa mmoja, tutaona. Ila leo nakuomba nikiwa huku nje, kwa sababu miguu imegoma."

"Na kesho utaingia?"

"Kesho nitaogopa."

"Na keshokutwa?"

"Nitaogopa nikiwa ndani."

Mlezi alilia, akacheka, akajifuta kwa brashi bila kujua. Kisha alifungua geti kiasi cha upana wake mwenyewe, akatoka, akalifunga nyuma yake, mbwa wote wakimlalamikia, na akamkumbatia Jabali pale barabarani mpaka kutetemeka kwao kukawa kumoja.

"Ndiyo," alimwambia shingoni. "Lakini ukianza kudanganya tena, nakulaza na chiwawa."