Kanda ya Ngoma ya Bi Mwamini

Kompyuta ya Abdulkarimu ilianza kunuka udi mchana kweupe, na mtaa mzima hakuna aliyechoma udi. Alidhani ni vumbi linaungua kwenye feni. Akainama, akanusa tena. Chini ya ule udi kulikuwa na harufu nyingine, ya damu ya mbuzi ingali moto. Akafungua dirisha, akaendelea na kazi.

Kazi yake, pale kibandani kwake Buzebazeba, ilikuwa kuhamisha kanda za zamani, za harusi na maulidi na ubatizo, akaziweka kwenye flashi ili watu wazitazame nyumbani kwenye deki. Wenzake mjini walizibana picha ziwe ndogo mpaka bibi harusi akabaki hana pua. Yeye hakupoteza kitu, na alipenda watu walijue hilo. "Mimi nahamisha dagaa kutoka gunia hili kwenda lile," aliwaambia wateja, "na hata mmoja haanguki."

Kanda ya siku ile ilikuwa ya kwao. Ilirekodiwa Ujiji, yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, siku mama yake, Bi Mwamini, alipopigiwa ngoma ili ashuke jini aliyekuwa amemfanya kiti chake. Jini alikuwa amegoma kushuka bila shahidi asiyekufa, basi fundi Mwinshehe, mganga aliyeongoza ngoma, akaagiza aitwe mpiga video wa harusi. Baba yake, Abeid, alionekana humo, na hakuna picha nyingine ya Abeid popote duniani. Marehemu yule hakupenda kamera. Nakala aliyokuwa nayo Bi Mwamini ilitokana na nakala ya nakala nyingine, mpaka mumewe akabaki ukungu uliovaa kofia, na maneno yote yakawa mvumo.

"Niwekee hii hii kwenye flashi," mama alimwambia. "Nitaiangalia hata kofia yake."

"Mama, ile ya kwanza ipo. Nitakupa uso."

"Ile usiiguse. Fundi alikataza isichomwe, akasema tuifukie, na nakala tuzinakili mpaka zichakae. Zikichakaa, na lile jambo linachakaa."

"Jambo gani?"

Bi Mwamini aliinamia ungo wake wa dagaa, akachambua mawe yasiyokuwemo.

Kwa hiyo aliifukua kwa siri, nyuma ya jiko la mama, kutoka kwenye chungu kilichofungwa kitambaa cheupe. Alitaka kumfurahisha. Mtu akishajiona fundi, makatazo ya mama yake huyaona ya kizamani. Deki iliikataa faili mara ya kwanza, maana ilikuwa kubwa na ya aina isiyosomeka. Mwingine angeibana. Abdulkarimu alibadilisha ganda la faili tu, nyama ya ndani hakuigusa, na sauti akaiangalia kwa mistari yake inayopanda na kushuka kwenye kioo. Hakuisikiliza. Mistari ilikuwa mizuri.

Alasiri akaenda Ujiji kwa mama yake. Mkewe, Yusra, aliyekuwa amekuja hapo kusubiri uchungu, alikuwa amekaa mkekani na tumbo lake kubwa, anakula embe kwa chumvi. Abdulkarimu akachomeka flashi.

Abeid akatokea, kijana, jasho likimtiririka shingoni. Bi Mwamini akalia kwa furaha. "Alikuwa na kovu hapa," akasema, akagusa nyusi yake. "Nilikuwa nimelisahau." Kisha mkono ukabaki pale pale usoni. "Hii umeitoa wapi?"

"Mama, tulia uangalie."

"Zima, mwanangu. Zima sasa hivi."

"Ngoja, anataka kuongea. Sijawahi kusikia sauti yake."

Ndiyo kwanza aisikie. Ilikuwa sauti nyororo, ya mtu mpole. "Mwache mke wangu," ilisema. "Nakupa huyu mtoto wetu. Akiwa mtu mzima, umkalie yeye." Ngoma zilipigwa kwa fujo juu ya maneno yale, Mwinshehe akifanya makusudi ili jini asiisikie ahadi, lakini kanda ilikuwa imeyashika yote. Kwenye runinga yule Mwamini wa ujanani, midomo myekundu kwa damu ya mbuzi, akaacha kutikisika, akaupa mgongo umati, akamtazama Abdulkarimu.

"Sasa nimesikia vizuri," akasema.

Udi ukajaa chumbani, na Abdulkarimu alitaka kuinuka lakini miguu haikuwa yake tena, kisha mikono, kisha ulimi, na kitu kizito na baridi kama maji ya chini kabisa ya ziwa kikampanda kutoka kiunoni, kikakaa mabegani na kuanza kujipangia nafasi, kikiusukuma mgongo wake nyuma, na nyuma tena, mpaka kisogo kikakaribia visigino na akausikia uti wake ukilia, naye yumo humo ndani anapiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia.

Bi Mwamini alipiga magoti. "Nirudie mimi," alinong'ona. "Kiti chako ni mimi."

"Wewe umechakaa," mdomo wa Abdulkarimu ukajibu kwa sauti ya kike. "Na huyu kakomaa mno, hakunjiki. Nitamvunja."

Mama alimtazama mwanawe. Halafu akageuka, akalitazama tumbo la mkwewe, na Yusra akaliona hilo jicho kabla ya neno kutoka.

"Mchukue atakayezaliwa," akasema Bi Mwamini.

"Mama, unasema nini?" Yusra alirudi nyuma mpaka ukutani, mikono tumboni.

Bi Mwamini alisogea karibu na sikio la mwanawe, akarudia taratibu, neno moja moja, ili lisikike vizuri.

Uzito ukashuka. Abdulkarimu alianguka mkekani, mgongo umenyooka, pumzi imerudi, na pumzi ile ilikuwa tamu kuliko kitu chochote alichowahi kukionja. Karibu yake mkewe alikuwa akimtikisa bega.

"Abdul, mwambie huyo jini tumekataa. Bado yupo hapa, namsikia tumboni. Sema, Abdul, wewe ndiye baba yake."

Ulimi wake ulikuwa umesharudi. Aliusikia, mzima, unacheza nyuma ya meno. Abdulkarimu akafumba macho, akajifanya hajazinduka.