Sauti ya Mkunjuzi

Vidole kumi na viwili vilishuka taratibu juu ya bega la Mzee Shekiondo, vikagusa, vikatulia. Vilikuwa vimevikwa mpira laini wenye joto la mwili, na havikusugua wala havikukanda kama wafanyavyo wachuaji wa mtaani, wale wenye mafuta ya nazi na umbea wa mji mzima. Vilibonyeza tu, vikangoja. Mashine hiyo iliitwa Mkunjuzi, na katika Korogwe yote hapakuwa na kitu kilichozungumzwa kama hicho.

"Shikamoo, baba," Mkunjuzi alisema.

"Marahaba, mwanangu," Mzee Shekiondo akaitikia, uso umezama kwenye tundu la kitanda.

Upande wa pili wa pazia, mkewe Bi Mwasiti akaangua kicheko. "Ee, Shekiondo! Unaitikia salamu ya mashine?"

"Si sauti ya Mwantumu hiyo? Nikinyamaza nitaonekana nina kiburi."

Na kweli ilikuwa sauti ya Mwantumu, mkamwana wake, mke wa mwanawe Hemedi. Injinia Mwantumu ndiye aliyeibuni mashine hiyo, na wakati huo alikuwa amesimama nje ya pazia akicheka pamoja na mama mkwe wake. Alicheka kwa raha, maana siku hiyo ilikuwa siku yake.

Ilikuwa hivi. Korogwe ya wakati huo haikuwa mji wa kupitia na kununua machungwa dirishani mwa basi. Ilikuwa na minara ya vioo, mapaa yaliyokunywa jua mchana kutwa, na treni za sumaku zilizopita bila kelele. Mizigo yote ya bandari kavu ilibebwa na roboti. Lakini roboti hizo ziliongozwa na watu walioketi vitini, mkono mmoja juu, wakizionyesha kwa ishara nyanyua hiki, weka pale. Mzee Shekiondo alifanya kazi hiyo mpaka akastaafu. Hakuwahi kubeba hata kiroba, na bado bega lake la kulia liligoma. Hakuweza kuvaa kanzu bila kusaidiwa. Kujikuna mgongo ilikuwa ndoto. Katika kusali alikuwa akinyanyua mkono wa kushoto mpaka sikioni na wa kulia ukiishia kifuani, jambo lililomuudhi kuliko yote.

Tatizo lake halikuwa mfupa. Chini ya ngozi ya binadamu kuna utando mwembamba mweupe, uleule unaouona buchani nyama ikikatwa. Utando huo hufunika kila msuli na kuuunganisha na mwenzake, kutoka kichwani mpaka unyayoni. Mtu akikaa mkao mmoja kwa miaka, utando hukakamaa na kushikana, na maumivu yakatokea hata mahali pasipo na kosa. Ukiulazimisha kwa nguvu unazidi kujikaza. Ukiubonyeza kwa kipimo na kungoja, hulegea wenyewe, kama siagi iliyotolewa kwenye friji. Kungoja huko ndiko kunakowashinda wanadamu wengi, na ndiko Mwantumu alikoipa mashine.

Vidole vya Mkunjuzi vilipima ugumu, joto na mwendo wa damu. Jambo moja vilishindwa. Havikuweza kutofautisha utando uliokakamaa na msuli wa mtu anayejikaza kwa maumivu, kwa sababu kwenye vipimo, vyote viwili ni ugumu tu. Hivyo Mwantumu aliifundisha mashine kufanya kile anachofanya mchuaji yeyote mwenye akili: kuuliza. Kila baada ya kubonyeza iliuliza, "Panauma?" Ikiambiwa ndiyo, ilipunguza na kukumbuka. Ikiambiwa hapana, iliongeza kidogo, nayo ikakumbuka. Kikomo cha nguvu kilikuwepo, ila kilipatikana kwa kuijaribu mashine kwenye miili ya vijana waliojitolea, vijana wenye nyama.

Mwanzoni mashine ilikuwa na sauti ya kiwandani, ile ya matangazo ya stesheni. Wagonjwa waliogopa, mmoja akauliza kama treni imechelewa. Mwantumu akaingia studio, akaipa sauti yake mwenyewe, na majina yote ya heshima: baba kwa baba, mama kwa mama, bibi kwa bibi. Watu wakaipenda. Wakibonyezwa pale penyewe walipiga kelele bila haya, "Aah! Hapo hapo, dada, punguza!" Mashine ikapunguza. Mambo yakaenda sawia.

Kwa Mzee Shekiondo nayo yalianza vizuri mno. Baada ya wiki chache mkono ulipita kifua, ukafika kidevuni, kisha siku moja ukagusa sikio. Alitoka kitandani akatembea chumba kizima mkono ukiwa sikioni, na Bi Mwasiti akapiga vigelegele mpaka wauguzi wakaja mbio. Mwantumu alijifungia ofisini akalia kidogo. Tangu aolewe katika nyumba ile, mkwewe alikuwa amemheshimu kupita kiasi, salamu, dua, basi. Kwao mkamwana na baba mkwe hawataniani, hawakai kiti kimoja, na mzee hawezi kuonekana na mkamwana akiwa katika hali ya unyonge. Kulitengeneza bega lake ilikuwa njia pekee aliyoipata ya kumwambia kwamba anampenda.

"Endelea kwenda, baba," alimwambia. "Likilegea kabisa halitarudi tena."

"Nitakwenda, mwanangu. Mungu akubariki."

Naye akaenda, mara kwa mara, bila kukosa.

Kasoro ilionekana wakati wa chakula. Ilikuwa Jumapili, wali wa nazi na samaki, familia nzima imekaa mkekani kwa Hemedi. Mzee Shekiondo akaomba kijiko. Hilo lilishangaza kidogo, maana alikuwa akiwacheka wajukuu zake wanaokula kwa kijiko. Kisha akakishika kwa mkono wa kushoto.

Mtu mzima, tena Mzee Shekiondo aliyemfunza Hemedi adabu ya mezani kwa kofi, anakula kwa kushoto! Wajukuu wakatazamana. Mwantumu akautazama mkono wa kulia uliolala pajani, akaona vidole viwili vya mwisho vimejikunja, haviendi huku wala kule.

"Baba, mkono una nini?"

"Hauna neno, mwanangu. Umechoka tu. Samaki mtamu sana huyu."

Kesho yake Mwantumu alimpeleka kwa Daktari Ngoda, bingwa wa mishipa ya fahamu, mwanamke mwenye maneno machache. Daktari aligusa, akapima, akachoma kwa sindano ndogo ambayo mzee hakuisikia. Kisha akamwita Mwantumu pembeni.

"Mshipa unaopita kwapani kwenda mkononi umebanwa," alisema. "Si mara moja. Umebanwa na kuachiwa, ukabanwa na kuachiwa, kwa nguvu inayozidi. Sehemu yake imekufa. Bega litanyanyuka. Vidole vile havitarudi."

"Mashine yangu inauliza kila mara, daktari. Ikiambiwa panauma inapunguza."

"Mshipa ukibanwa namna hii, mtu anaona nyota mchana. Basi hakusema."

Mwantumu alirudi nyumbani kwa wakwe zake. Alimkuta Bi Mwasiti jikoni akikuna nazi kwa mbuzi ya zamani, kwa sababu mashine za kukunia hakuziamini.

"Mama, kwa nini baba hakusema inamuumiza? Angesema tu ndiyo. Neno moja!"

Bi Mwasiti aliacha kukuna. Alimtazama mkamwana wake kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa nguo nje ndani.

"Amwambie nani?"

"Aiambie mashine!"

"Mashine ipi, Mwantumu? Mzee analala pale kifua wazi, hoi, anamsikia mkamwana wake anamuuliza, 'Baba, panauma?' Wewe ulitaka Shekiondo apige mayowe mbele yako? Yule aling'olewa jino akiimba." Akavuta pumzi. "Mimi nilikuwa nje ya pazia. Nilisikia meno yake yakisagana. Nikasema ni yeye na mkwewe, siwezi kuingilia."

Mwantumu aliketi chini palepale kwenye sakafu. Alikuwa amefikiria ugumu, joto, mwendo wa damu, umri, uzito, hata lafudhi. Hakufikiria adabu, na hali yeye mwenyewe alilelewa nayo. Mashine ilimuuliza mzee kwa sauti ya mtu mmoja tu duniani ambaye hangeweza kumjibu ukweli, na kila alipomstahi kwa kusema hapana, ikamzidishia.

Alipiga simu maabara, akaamuru Mkunjuzi azimwe katika hospitali zote zinazomtumia mpaka atakapoondoa sauti ile. Halafu akanawa uso, akaenda sebuleni.

Mzee Shekiondo alikuwa kitini, mkono wa kulia ameuficha chini ya kikoi. Alishasikia simu.

"Mwanangu, usiizime," alisema. "Watu wana maumivu huko. Mashine yako nzuri sana. Mimi ni mzee, vidole viwili vya nini? Kosa si lako, wala si la mtu."

Maneno hayo yalimchoma kuliko ya daktari. Hata sasa alikuwa akimstahi.

"Baba, nigombeze," Mwantumu akasema.

"Nikugombeze kwa lipi?"

"Nimekuvunjia mkono. Nigombeze kama ungemgombeza Hemedi. Mimi si mgeni humu ndani."

"Hemedi nimemzaa."

"Na mimi je?"

Mzee akageuza uso dirishani, akaurudisha. Mwantumu hakuondoka. Alisogea akaketi kwenye kochi lilelile alilokalia mkwewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe, akangoja.

"Iliniumiza," mzee akasema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, baba."

"Iliniumiza, Mwantumu! Iliniumiza mpaka nikawa namwita mama yangu kimoyomoyo, na mama yangu alishakufa mimi sijaoa! Nikienda nyumbani silali. Na wewe unauliza, unauliza, kila saa panauma, panauma! Huoni? Injinia mzima huoni? Nitasema nini mimi? Kila siku nilisema leo ataona mwenyewe, ataacha, hukuacha! Nilikuwa naandika mwandiko mzuri, watu waliniletea kadi zao za harusi niwaandikie. Sasa kalamu inadondoka. Inadondoka kama ya mtoto!"

Alikuwa amepaza sauti hata vyombo vya kabatini vikatetemeka. Mwantumu machozi yalimtiririka, lakini hakusema samahani, kwa sababu alijua akisema tu, mzee ataanza tena kumfariji.

"Sema yote, baba."

Mzee Shekiondo alifungua mdomo aendelee, sauti ikakatika. Akautoa mkono chini ya kikoi, akauweka mapajani pale wote wawili waone, na akaanza kulia.

Bi Mwasiti alikuja na sinia la chai akasukuma mlango kwa bega. Aliwaona kwenye kochi moja, mumewe analia waziwazi, mkamwana ameushika mkono ule kwa mikono yake miwili. Alirudi nyuma bila kugonganisha hata kikombe, akaufunga mlango.