Ukurasa wa Shukrani

Mashine iitwayo Mfuatanyayo ilipoamshwa, dari la ukumbi liliwaka nukta moja, kisha ya pili, hadi zikatimia makala zote ambazo Profesa Twisa Mwambene aliwahi kuchapisha maishani mwake. Halafu nyuzi za mwanga zikaanza kuchomoza, zikizisaka tafiti nyingine duniani zilizozinukuu makala hizo: uzi mwekundu kwa tiba ya moyo, kijani kwa figo, buluu kwa macho. Katika Dodoma mpya maabara haikuongezewa uhai kwa kujuana wala kwa porojo. Mashine ilizifuata nyayo za kazi yako, ikasema zimefika wapi.

Na nyayo za Twisa, jamani, zilitia huruma. Nukta nyingi ziliwaka peke yake, bila hata uzi mmoja. Alikuwa anastaafu, na kama nyuzi zisingetosha, maabara yake ya dawa ingefungwa siku hiyo hiyo.

Pembeni yake alikaa Bi Sikitu Chedego, kiziwi, amevaa miwani-maneno, ile inayoandika kwenye kioo kila kinachosemwa.

"Mbona umenyong'onyea, shoga?"

"Wanaifunga, Sikitu."

"Ala! Unaanza matanga na mgonjwa yu hai? Subiri mashine imalize."

Ndipo nukta moja ya pembezoni ikafumuka. Nyuzi za kila rangi zikamiminika kutoka kwake mpaka dari lote likang'aa.

"Makala gani hiyo?" aliuliza Daktari Hamduni, msimamizi wa mashine, akiinuka kitini.

Twisa aliijua. Ni ile iliyomfanya achekwe. Enzi za ujana wake alitengeneza dawa ya malaria sugu. Iliua vimelea kweli, lakini iliunguza neva za masikio. Wenzake walimshauri anyamaze, maana nani huchapisha kushindwa kwake? Twisa aliwajibu kwamba mficha uchi hazai, akaandika yote: kiungo kipi cha dawa kilidhuru, na kwa nini.

Hamduni alisoma kwenye kioo chake. "Madaktari wa moyo walitaka kukitumia kiungo hicho hicho. Wa figo pia, na wa macho. Waliposoma makala yako wakakiacha. Profesa, maabara haifungwi."

Makofi yakarindima. Twisa alishukuru Mungu kimoyomoyo, lakini hakusimama.

"Iambie isome ukurasa wa mwisho," alisema.

"Wa shukrani? Mashine inafuata marejeo tu, Profesa. Shukrani hazina alama."

"Naomba isome, mwanangu."

Hamduni akaiamuru. Sauti tulivu ya Mfuatanyayo ikajaza ukumbi: "Tunamshukuru Sikitu Chedego, aliyejitolea kuwa wa kwanza kuijaribu dawa hii, na ambaye sasa hasikii. Mwenyewe ametaka jina lake liandikwe."

Vichwa vyote vikageuka. Sikitu alikuwa bado anayasoma maneno hayo kwenye miwani yake, taratibu, midomo ikicheza.

"Nyuzi zote zile zimetoka masikioni mwako," Twisa alimwambia, machozi yakimlengalenga. "Nimechelewa mno kukushukuru mbele za watu. Asante, dada yangu."

"Ungeficha, ningekuwa kiziwi wa bure. Mimi ndiye wa kukushukuru." Sikitu akaangalia juu. "Waliookoka ni wangapi?"

"Mashine haiwezi kuwahesabu. Hakuna anayeandika kwamba hakudhurika."

"Haya. Basi na waisikie mvua kwa niaba yangu."

Watu wakaanza kupiga makofi tena. Hamduni akamwona Sikitu amevua miwani afute macho, akaelewa kwamba makofi hayo hayamfikii. Akainua mikono yake juu na kuipepea hewani, kama viziwi wanavyoshangilia. Mmoja akamwiga, kisha mwingine, hadi ukumbi mzima ukanyamaza, mikono yote juu, ikipepea chini ya zile nyuzi.

Sikitu aliwatazama kwa muda mrefu, kisha naye akainua yake.