Kompyuta Iliyokataa Kuwaka

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Asubuhi hiyo mvua ilidondoka kidogo, ikakatika, ikaacha joto la kunata shingoni. Mshonaji alipanda ngazi za jengo la vifaa vya umeme akiwa ameikumbatia kompyuta kama mtoto anayepelekwa zahanati. Gauni lake la kijani, alilolishona mwenyewe, lilikuwa limechafuka vumbi kifuani, wala hakujali. Alfajiri alikuwa amemwomba Mungu amshikie ulimi. Ombi hilo lilikuwa bado halijajibiwa.

Ghorofa ya pili alipamiana na mtu aliyebeba feni tatu. Alikuwa Bisibisi, fundi aliyemuundia kompyuta hiyo kipande kwa kipande, mchumba wake, ambaye Mshonaji hakuwa amezipokea simu zake kwa siku tisa.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa fundi."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni tapeli! Umenifungia vyuma chakavu ukaniambia vipya. Ukinidanganya kwenye kompyuta, kwenye ndoa itakuwaje? Nimeshamwambia shangazi, Jumamosi wazee wenu wasije."

Mafundi wa meza za jirani waliacha kazi. Muuza chaja akapunguza redio.

"Iweke hapa," Bisibisi alisema, mishipa ya shingo imemsimama. "Nikikuta kipande kimoja chakavu, hao wazee nitawazuia mwenyewe."

Akabonyeza swichi. Feni ikazunguka kidogo, ikafa.

"Ndivyo inavyofanya!"

"Nimeona, malkia. Nina macho."

"Usiniite malkia."

"Haya, mteja."

Neno hilo lilimchoma kuliko alivyotarajia.

Bisibisi akabadilisha kisanduku cha umeme. Ikafa tena. Akachomoa kadi za kumbukumbu, zile RAM, akazirudisha moja moja. Ikafa tena.

"Sema tu ukweli yaishe."

"Ndio ninaoutafuta! Wewe uliutafuta siku gani? Nimekupigia mpaka kidole kimeota sugu."

"Ungekuja!"

"Nilikuja. Ukaniambia dirishani kwamba una wateja."

Mshonaji akatazama pembeni. Ni kweli, na chumbani hakukuwa na mteja hata mmoja.

Mwishowe Bisibisi alifungua skrubu zote, akaitoa bodi kuu ndani ya kasha, akailaza juu ya kipande cha boksi na kuiunganisha upya. Akaiwasha. Feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka. Muuza chaja akapiga makofi peke yake.

"Bodi ni nzima. Basi kuna kitu humu kilichokuwa kikiigusa kwa nyuma na kupiga shoti."

Akalitikisa kasha. Kikadondoka kitu chembamba: pini ya kushonea, kichwa chake cha njano.

Katika ghorofa ile hapakuwa na mtu mwingine anayeshona.

"Uliifungua?"

"Niliifuta vumbi. Halafu nikailaza hivyo hivyo ikiwa wazi, niipimie kifuniko cha kitambaa. Nikakibana kwa pini papo hapo. Nilitaka siku ukija ukikute."

Mshonaji alitegemea Bisibisi angecheka. Hakucheka.

"Tapeli," alisema polepole. "Mbele ya watu ninaokula nao."

"Nisamehe," alinong'ona.

"Kunitukana, jengo zima lisikie. Msamaha, mpaka nitege sikio? Sema kwa sauti ile ile, ndipo wazee waje."

Hasira zikampanda Mshonaji tena, kwanza kwa sababu Bisibisi alikuwa na haki, kisha juu ya nafsi yake. Akampigia shangazi, akaweka spika.

"Shangazi, usikate simu. Nataka usikie."

"Umeshaharibu nini tena, mwanangu?"

Mshonaji akawageukia wenye meza, akainua simu juu.

"Nyote mlisikia nikimwita tapeli. Sikieni na hili. Huyu si mwongo. Mwenye makosa ni mimi, na hasira zangu hazitaisha leo. Lakini naahidi mbele ya Mungu, mbele ya shangazi na mbele yenu: siku nyingine nikimkasirikia, nitapokea simu yake kwanza. Nimsikilize mpaka amalize. Ndipo nitampigia kelele."